Gemu za kutisha zilizorudishwa enzi za PlayStation ya kwanza: maswali tunayoulizwa sana Mwanza

Maswali haya yanatoka kwa vijana, na mara nyingine wazazi wao, wanaopita kwenye chumba chetu cha gemu Buzuruga, na kwa wanaotuandikia WhatsApp kutoka Ukerewe, Sengerema, Musoma na Bukoba. Yanaanza na ya mchezaji na kuishia na ya mtengenezaji. Kama umeshacheza za kutosha na unachotaka ni kutengeneza, shuka moja kwa moja hadi swali la programu.

Dimeki ni kitu gani?

Ni gemu ya kisasa ambayo shabiki ameitengeneza upya kwa sura na mwendo wa mashine ya zamani. Rimeki tunazijua: gemu ya 1998 inavishwa picha za leo. Dimeki inapita njia ile ile kwa kurudi nyuma. Mtu anachukua gemu ya PlayStation 4 na kujiuliza ingekuwaje kama ingetoka kwenye PlayStation ya kwanza, au kwenye mashine za Nintendo za zamani zaidi kama Game Boy na NES, halafu anaijenga.

Mfano unaotajwa zaidi ni Bloodborne PSX; PSX ni jina la mkato la PlayStation ya kwanza. Bloodborne yenyewe ni ya FromSoftware, ilitoka Machi 2015. Lilith Walther akaijenga upya sehemu yake ya mwanzo kana kwamba ilitoka miaka ya tisini, akaitoa bure kwa kompyuta tarehe 31 Januari 2022. Hakuishia kwenye kupunguza ubora wa picha; menyu, sauti na mwendo wa mhusika vyote vilirudi enzi hizo.

Jambo lenyewe lina umri. Mwaka 2008 tovuti ya watengenezaji wadogo, TIGSource, iliendesha shindano la dimeki, na Jasper Byrne akaingiza Soundless Mountain II, yaani Silent Hill 2 iliyogeuzwa kuwa ya NES, picha bapa za kutazama kwa ubavu. Miaka minne baadaye alitoa Lone Survivor, gemu ya kutisha ambayo ni yake mwenyewe. Ikumbuke safari hiyo ya Byrne, nitairudia.

Kwa nini nicheze yenye picha mbovu wakati nzuri ipo?

Neno "mbovu" silikubali. Hofu inahitaji pengo, na picha ya zamani inaacha pengo.

Kwenye gemu ya leo unaona kila kovu usoni mwa zimwi. Ukishaliona vizuri unalizoea, na ukilizoea linabaki kuwa adui wa kupigwa risasi tu. Kwenye skrini ya 320 kwa 240, uso ule ule una nukta chache za kahawia na nyeusi. Lile ni jicho au ni tundu? Amegeuka au bado amekupa mgongo? Akili yako inamalizia mchoro, na akili ya mtu aliye peke yake saa sita usiku haimalizii vitu vizuri.

Watengenezaji wa zamani walijua hili kwa sababu mashine iliwalazimisha. Silent Hill ya 1999 ilikuwa na mji mzima ambao PlayStation isingeweza kuuchora wote kwa mara moja. Konami wakaufunika kwa ukungu na giza, kisha wakampa mhusika redio inayokwaruza zimwi linapokaribia. Huoni kitu, unasikia tu kwamba kipo. Resident Evil ya 1996 ilitumia kamera zilizofungwa mahali pamoja, mbinu iliyokuwepo tangu Alone in the Dark ya 1992, kwa hiyo unasikia nyayo nyuma ya kona ambayo kamera haijakuonyesha. Na ule mlango unaofunguka polepole gizani kila unapoingia chumba kipya? Uliwekwa kuficha muda ambao mashine ilikuwa inasoma diski. Kizazi kizima kikajifunza kuogopa mlango.

Ndiyo maana dimeki nzuri ni somo. Inakuonyesha kila upungufu ulikuwa unafanya kazi gani. Dimeki mbaya utaitambua haraka: picha zimekwaruzwa, lakini kamera inazunguka itakavyo, ramani inakuonyesha adui, na ukifa unarudi hatua mbili tu nyuma. Hiyo imevaa nguo za zamani, mwili ni wa leo.

Kwa nini kuta na sura zinatetemeka, na sakafu inajikunja ukitembea?

Hili linaulizwa sana na wanaodhani televisheni yetu imeharibika. Televisheni ni nzima.

PlayStation ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 ikiwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 na ya picha megabaiti 1. Picha moja unayopiga kwa simu leo mara nyingi inazidi jumla hiyo yote. Kwa kubana hesabu, mashine ilifanya kazi kwa namba kamili. Kila kona ya umbo ililazimika kukaa juu ya pikseli nzima, isingeweza kukaa katikati ya mbili. Mhusika akisogea taratibu, kona zake zinaruka kutoka pikseli hadi pikseli, na ndiyo ile mitetemo.

Kujikunja kwa sakafu kuna sababu yake. Mashine ilivisha picha juu ya umbo bila kuzingatia kwamba upande mmoja uko mbali kuliko mwingine. Vigae vya sakafu vilivyotakiwa kunyooka vinapinda kwenye mstari unaogawanya pembetatu mbili. Pia haikuwa na mahali pa kukumbuka umbali wa kila nukta, kwa hiyo ilichora vya mbali kwanza na vya karibu mwisho. Ikikosea mpangilio, mguu wa meza unatokeza mbele ya mtu aliyesimama mbele ya meza. Rangi nazo zilikuwa 32,768, ambazo hazitoshi kwa kivuli laini, basi nukta za rangi mbili zikanyunyizwa pamoja ili jicho lione ya tatu.

Mtengenezaji wa dimeki anavirudisha vyote hivyo kwa makusudi, kimoja kimoja. Ukiona ukuta umetulia huku sura ya mtu tu ndiyo inatetemeka, jua mtu ameamua hivyo.

Nianze na zipi?

Kama hujawahi kabisa, anza na asili: Silent Hill ya kwanza au Resident Evil ya kwanza. Bila hizo hutajua dimeki inaiga nini.

Halafu Soundless Mountain II ni fupi na inafundisha. Ipo pia dimeki ya Dead Space iliyotengenezwa na Fraser Brumell, ambayo ni nzuri kwa kuona jinsi gemu ya angani yenye mwanga na vivuli vya kisasa inavyobaki na hofu yake ikibanwa. Bloodborne PSX kwa sasa itazame kwenye video za waliocheza, sababu nitaieleza kwenye swali la sheria.

Baada ya hapo nenda kwa wale waliochukua mtindo na kuandika hadithi zao wenyewe. Haunted PS1 Demo Disc ya 2020 ni mkusanyiko wa gemu fupi za kutisha za watu mbalimbali, bure. Signalis ya 2022 imetengenezwa na rose-engine, timu ya watu wawili Ujerumani. Crow Country ya 2024 ni ya SFB Games. Hizo mbili ni za kununua, na ukiweza kununua, nunua. Signalis mimi naiweka juu ya nyingi zenye bajeti kubwa mara mia.

Laptop yangu ni ya zamani. Si nitacheza bila shida, kwa kuwa picha ni za zamani?

Hapana, na hili limewaumiza wengi. Sura ya zamani haina maana ya uzito wa zamani. Bloodborne PSX imejengwa kwa Unreal Engine 4, ambayo ni injini (programu ya kujengea gemu) ya kisasa inayotaka kompyuta ya kisasa kiasi. Ndani yake kompyuta inafanya kazi ya leo, kisha inafanya kazi ya ziada ya kuichafua picha.

Angalia mambo mawili kabla ya kutumia bando: ina RAM kiasi gani, na ina kadi ya picha ya peke yake au inategemea ile iliyomo kwenye prosesa. Kama inategemea ya ndani, anza na zilizotengenezwa kwa GB Studio au PICO-8, programu za kutengenezea gemu ndogo ndogo. Hizo zinakimbia karibu kwenye kila kitu chenye skrini, nyingine zinachezeka ndani ya kivinjari tu.

Na kwenye simu?

Zile za kwenye kivinjari, ndiyo, ingawa kucheza ya kutisha kwa vidole viwili juu ya kioo kunaua nusu ya raha. Zilizojengwa kwa Unreal, au kwa injini nyingine kama Unity, kwa ajili ya kompyuta hazitafunguka kwenye Android hata ukizibadilisha jina la faili. Anayekuuzia "Bloodborne PSX ya simu" kwenye flashi anakuuzia kitu kingine.

Nitajuaje kwamba faili haina virusi?

Pakua kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Wengi wako itch.io, tovuti ambayo watengenezaji wadogo wanaweka gemu zao. Faili iliyopita kwenye makundi matano ya Telegram huwezi kujua imeongezwa nini njiani. Kama programu ya ulinzi inapiga kelele, usiizime ili gemu ifunguke.

Mama anauliza: mwanangu ana miaka kumi, gemu za mashetani zitamharibu?

Shikamoo mama. Una haki ya kuuliza, na jibu langu ni kwamba mtoto wa miaka kumi bado. Gemu kama Bloodborne na Resident Evil zimepewa alama ya miaka 16, 17 au 18 na bodi za Ulaya na Marekani. Dimeki ya shabiki kwa kawaida haijapitiwa na bodi yoyote, kwa hiyo hutaona alama hiyo. Picha kuonekana za kitoto kusikudanganye: damu ipo, na hofu ni ile ile, pengine zaidi. Kwetu hapa watoto wanabaki kwenye mpira na mbio za magari, na skrini ya kutisha iko chumba cha nyuma. Kama ameshacheza na sasa anaogopa kulala, usimcheke wala usimchape. Kaa naye mchana, mwambie akuonyeshe lile zimwi kwenye picha, likiwa limesimama. Mchana na kwa mapana yake halina nguvu.

Je, dimeki ni halali?

Kwa moyo wa shabiki, ni heshima. Kwa sheria, mara nyingi si halali bila ruhusa.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unailinda kazi ya Mjapani hapa kama unavyoilinda ya Mtanzania kule. Haki ya kuigeuza kazi kuwa ya namna nyingine ni ya mwenye kazi. Kutoa bure hakukuondolei wajibu huo. Kuandika "hii ni ya mashabiki tu" pia hakukuondolei.

Kinachobadilika ni wamiliki, na hapo ndipo unatakiwa kujua nani ni nani. Scott Cawthon, aliyetengeneza Five Nights at Freddy's mwaka 2014, alitangaza mwaka 2020 mpango wa kuzigharamia na kuzichapisha baadhi ya gemu za mashabiki wake. Huyo ni wa pekee. P.T. ya Hideo Kojima na Guillermo del Toro ilitoka Agosti 2014 kama onjo la bure la Silent Hills, gemu mpya iliyokuwa inaandaliwa na Konami. Mradi ukafutwa na P.T. ikaondolewa dukani Aprili 2015. Mashabiki wakaanza kuijenga upya isipotee. Kijana mmoja wa miaka 17 aliyeijenga kwa kompyuta mwaka 2018 alitakiwa na Konami kuiondoa, ingawa walimpa pia nafasi ya mafunzo kazini. Januari 2024 ilikuwa zamu ya Portal 64, dimeki ya Portal iliyokuwa inafanya kazi kwenye Nintendo 64 halisi: Valve, wenye Portal, waliomba isimamishwe kwa sababu ilitegemea maktaba za programu za Nintendo. Na mwanzoni mwa 2025 Bloodborne PSX, miaka mitatu baada ya kutoka, ilikumbwa na dai la hakimiliki lililowasilishwa kwa niaba ya Sony, waliochapisha Bloodborne.

Inaniuma, nasema wazi. Kazi ya mapenzi iliyofundisha watu wengi kutengeneza gemu inafutika kwa barua moja, na gemu kama P.T. mwenye nayo haiuzi wala haitoi. Lakini sheria ndiyo hiyo, na anayeanza leo aanze akiijua.

Naweza kuiuza, hata kwa elfu mbili?

Usiuze. Wala usiombe michango kwa jina la gemu ya mtu.

Nataka kutengeneza. Programu gani zinatosha kwa kompyuta ya kawaida?

Bure zote: Godot kama injini, Blender kwa maumbo, GIMP kwa picha, Audacity kwa sauti. Godot ni faili ndogo ukilinganisha na Unreal, unaipakua kwa bando la siku na haikuombi akaunti. Unapoanzisha mradi chagua Compatibility, ndiyo inayokubali kadi za zamani. Blender mpya ikikataa kufunguka, tafuta toleo la 2.79 kwenye hifadhi yao. Kwa maumbo ya pembetatu mia tano hujapungukiwa kitu.

Mipangilio ya mwanzo ni midogo. Weka skrini 320 kwa 240 na uiache Godot iikuze. Picha za kuvisha maumbo zisizidi 128 kwa 128, nyingi ziwe 64 kwa 64. Kichujio cha picha kiweke Nearest, maana kikibaki cha kawaida kila kitu kinakuwa na utelezi wa sabuni na sura yote inakufa. Mitetemo ya kona iache mwisho. Wanaoanza wanaikimbilia kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha wanatetemesha chumba ambacho hakina cha kuogopesha.

Asiyetaka kuandika msimbo kabisa achukue GB Studio. Skrini ya Game Boy ni 160 kwa 144, vivuli vinne. Inatosha kutisha.

Niige gemu gani kwanza?

P.T., kwa zoezi la nyumbani ambalo hulitoi popote. Ni korido moja yenye kona. Unatembea, unafungua mlango wa mwisho, unajikuta umerudi mwanzoni mwa korido ile ile, na kuna kitu kimebadilika. Hakuna bunduki, hakuna mji, na waliocheza 2014 bado wanaisimulia.

Ukishaelewa mzunguko huo, toa korido ya Kimarekani uweke ya kwetu. Nyumba ya kupanga, tuseme Mabatini: mlango wa mbele, vyumba vitatu kila upande, choo na bafu nyuma, taa moja. Nje ya kila mlango weka kandambili. Mzunguko wa kwanza pea zote zimeangalia ndani, kama zinavyoachwa na mtu aliyeingia. Mzunguko wa pili, pea ya mlango wa tatu imegeuka, inaangalia nje. Mzunguko wa tatu iko katikati ya korido. Wa nne haipo, na mlango wa tatu uko wazi kidogo. Kompyuta haijachora zimwi lolote mpaka hapo. Kandambili moja ni pembetatu zisizofika thelathini.

Ukutani weka mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Five Nights at Freddy's inakubana kwa asilimia ya umeme inayoshuka. Sisi tunazo yuniti. Zikibaki chache inaanza kulia, na mtu yeyote aliyepanga chumba Tanzania mlio ule anaujua mwilini. Huna haja ya kumweleza sheria ya gemu.

Mwanza inafaa kwa gemu ya namna hii, au lazima niweke jumba la kifahari na theluji?

Inafaa kuliko miji mingi, na sisemi hivyo kwa kuwa nimezaliwa hapa.

Tatizo kubwa la mashine ndogo ni kuona mbali. Kila unachokiona mbali lazima kichorwe. Silent Hill ilikata macho kwa ukungu. Mji wetu unakata macho kwa mawe. Panda njia za juu ya Igogo au Mabatini: unapita kati ya jiwe na ukuta wa nyumba, unakata kona, jiwe lingine. Huoni zaidi ya hatua kumi mbele. Na jiwe ndilo umbo rahisi kuliko yote kujenga, pande chache, picha moja ya kijivu yenye madoa, hakuna anayelihesabia kona. Jiwe la Bismarck lenyewe litakuchukua nusu saa kulijenga, na kila Mtanzania atakayefungua gemu yako atajua yuko wapi.

Ziwani nako kuna mambo. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta dagaa na mwezi unaishinda taa. Kwa hiyo tayari una giza kamili, mtumbwi mmoja, na duara la mwanga wa karabai juu ya maji. Nje ya duara huchori kitu, weka rangi nyeusi. Taa za mitumbwi mingine zinaonekana kwa mbali, kila moja ni pikseli mbili za njano. Mchezaji anazihesabu ili ajue yuko na watu. Halafu mojawapo inazimika. Halafu nyingine.

Ukitaka ukungu, tunao wa wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kwa mawingu makubwa meusi yanayoonekana kutoka nchi kavu. Wingu likifika ufukweni, uwezo wa kuona unakwisha, na hilo ni jambo la kweli ambalo mchezaji wa hapa ameshaliona mwenyewe.

Sauti nitazipata wapi?

Kwenye simu yako. Nenda mwaloni Kirumba kabla hakujapambazuka, rekodi mbao za mitumbwi zinavyosuguana, kamba zinavyolia, maji yanavyopiga chini ya daraja la mbao. Kiboko akikoroma mbali gizani hutahitaji maktaba ya sauti za mazimwi, ila rekodi ukiwa mahali salama na mwenyeji. Anapopanda kula majani usiku haulizi. Ukirudi, kwenye Audacity shusha ubora hadi kilohezi 11 au 22. Mkwaruzo unaobaki ndiyo sauti ya enzi hizo.

Maandishi niyaweke Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili. Kuna na sababu ya kiufundi ambayo haisemwi: herufi zetu ni zile zile za kawaida, hazina alama juu wala chini, na ng' inataka mkato tu. Fonti ndogo ya pikseli 8 inatutosha bila kuongeza chochote.

Kinachotubana ni urefu wa maneno. Kwenye skrini ya Game Boy, pikseli 160 kwa herufi za pikseli 8 ni herufi 20 kwa mstari. "Hawakutusubiri" peke yake ni 14. Basi andika mafupi: "Nani yuko nje?" inaingia. "Usifungue." inaingia na inatisha zaidi ya aya nzima. Mzee wa kijijini mwache asalimie kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kama angesalimia, usimtafsirie.

Kuna mambo ya hapa ambayo nisiyaguse?

Yapo, na kwenye hili sina mzaha.

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Waliopoteza watu wako mtaani kwako, wengine ni wateja wetu. Usitengeneze meli iliyozama yenye mizimu ya abiria halafu ukaiweka ziwa hili. Siku ambapo mmoja wa familia hizo ataamua kulisimulia kwa njia ya gemu itakuwa haki yake.

La pili ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Kwenye gemu za nje bibi mchawi ni mhusika wa kila siku, na anayeiga anamleta bila kufikiri. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, wekundu unaotokana na miaka ya kupikia kwa kuni na samadi. Ukimweka huyo kama zimwi unaongezea nguvu uongo ulioua. Vivyo hivyo kwa watu wenye ualbino: wasiwe mazimwi, mizimu, wala hirizi ya kuokota. Mwanzoni wengine waliona nawabana. Sasa wanaona kwamba ukiondoa bibi na mzimu wa meli unabaki na kandambili zilizogeuka, na kandambili zinatisha zaidi.

Nikimaliza niiweke wapi, na nijilindeje?

Kwanza waite watu watatu wasiojua kitu, wacheze mbele yako, na wewe unyamaze. Wanapokwama usiwasaidie, andika. Kisha itch.io, weka bure au acha mchezaji achague bei. Kama hadithi, majina na picha ni vyako, unaweza kuisajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hifadhi nakala ya mradi kwenye flashi kila unapoacha kazi, maana umeme ukikatika Godot ikiwa inaandika faili unaweza kupoteza siku nzima.

Nimetengeneza dimeki na nimepokea barua ya mwenye gemu. Nifanyeje?

Iondoe siku hiyo hiyo, jibu kwa adabu, usibishane hadharani. Halafu fungua mradi uone ni nini humo ndani ni chako.

Walther alipitia hili kabla ya 2025. Baada ya Bloodborne PSX alikuwa anatengeneza Bloodborne Kart, mbio za magari za wahusika wale wale. Mwanzoni mwa 2024 Sony wakawasiliana naye. Akavua majina, sura na kila alama ya Bloodborne, akabakiza mbio, injini, na ule mtindo alioujenga kwa mikono yake. Ikatoka tarehe 31 Mei 2024, bure, kwa jina la Nightmare Kart. Byrne naye alitoka Silent Hill 2 ya kuigiza hadi Lone Survivor. Kikundi cha Italia, Invader Studios, kilikuwa kinaijenga upya Resident Evil 2. Capcom, wenye gemu hiyo, wakawaomba waache mwaka 2015, nao wakageukia Daymare: 1998, iliyotoka 2019.

Kwa hiyo pitia orodha: majina ya wahusika, nembo, muziki, ramani za vyumba, mazungumzo. Vya mtu vitoe. Mwendo, mwanga, milango, sauti ulizorekodi mwaloni na korido ya Mabatini vibaki. Badilisha jina la folda, anza toleo jipya, na ukikwama kwenye kuvua sura za wahusika njoo na laptop Buzuruga, tuna meza yenye soketi karibu.